Mursik ya Dolphine

Chelangat alimeza funda moja tu, akarudisha kikombe mezani kama kimemuunguza.

"Nani aliweka hii maziwa, Baba?"

"Mama yako," akasema Mzee Aron, macho yakiwa dirishani, kwenye shamba la majani chai.

Mama yake, Dolphine, walimzika Machi. Sasa ni Julai. Siku ya mazishi Chelangat mwenyewe alimwaga maziwa ya vibuyu vyote vitatu, akavining'iniza midomo chini. Lakini mursik hii, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, ilikuwa mpya, na ladha ilikuwa ya mama: moshi wa mti wa senetwet, uchachu kidogo, na chenga za makaa zinazokwaruza ulimi.

Ladha hiyo hakuna asiyeijua huku Sotik. Aron alipomwoa Dolphine kutoka ziwani, wanawake walisema huyu mtu wa samaki atarudi kwao kabla mahindi hayajakomaa. Hakurudi. Mwaka wa pili alipeleka kibuyu harusini, wazee wakalamba midomo. Basi ikasemwa ukoo umemnyonya mzima, kama kibuyu kinavyonyonya moshi. Waliotaka awafundishe aliwachekea tu. Siku ya kuosha vibuyu, kuvisugua ndani kwa kijinga cha moto vitie maziwa ladha, alifunga mlango wa jikoni, watoto wakatumwa kuni, Aron naye akawa hapatikani.

Chelangat akaenda kwa jirani yao, Sally.

"Ni wewe unamwekea Baba maziwa?"

"Mimi? Hiyo ladha ilinishinda miaka arobaini! Lakini moshi tunauona kwa jikoni ya mama yako kila Jumamosi. Mlango umefungwa kwa ndani. Pasta alikuja kuomba, akaombea huko getini."

"Labda ni Baba."

Sally alicheka mpaka akashika kiuno. "Aron? Mwanaume wa Kipsigis aoshe kibuyu? Afadhali avae sketi yangu aende nayo soko!"

Chelangat hakucheka. Mzee anayesema marehemu anaweka maziwa haachwi peke yake. Akarudi akamwambia Baba: Jumamosi nakupeleka kwangu Kabianga, nyumba hii tufunge.

Mzee akauliza, "Na mama yako anabaki na nani?"

Jumamosi asubuhi gari lilikuwa getini, begi la mzee ndani. Mzee mwenyewe haonekani. Juu ya paa la jikoni, moshi. Chelangat akasukuma mlango, haukufunguka. Akaweka jicho kwenye ufa wa mbao.

Baba yake alikuwa amepiga magoti, leso ya mama kiunoni, kibuyu katikati ya mapaja. Alisugua ndani kwa kijinga cha moto bila hata kuangalia, amezama katika kazi. Picha ya Dolphine iliyobebwa siku ya mazishi ilikuwa imeegemea jiwe la jiko.

"Huyu mtoto ananipeleka kwake," akaiambia picha. "Lakini usijali. Wakiuliza ni nani, nasema ni wewe, kama siku zote. Miaka arobaini, Dolphine, na hata kibuyu kimoja hukujifunza kuosha."

Chelangat alirudi garini akinyata, akashusha begi.