Kofia ya Vuai

Meli ilipokwisha funga gati, mabaharia walikaa barazani kwa muuza kahawa, na Shekuwe akatoa kofia aliyokuwa akiishona safari nzima kwa kujificha chini ya shuka. Yalibaki matundu machache ya kuzungushia uzi. Akatunga sindano mbele ya wote.

"Kwetu mke ndiye humshonea mumewe kofia," alisema Makungu, mkongwe wao. "Wewe unamshonea nani?"

"Atakayeivaa."

Wakacheka. Shekuwe alihisi uso unamwaka, aibu ileile aliyoizoea tangu ujana, lakini leo hakuinamisha kichwa. Akamaliza tundu la mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Na kichwa chake umekipima lini?" Makungu aliuliza, akiwakonyeza wenzake.

Shekuwe akainuka, akampita, akaenda kusimama mbele ya Vuai, mpishi wa meli, aliyekuwa ameinamia viatu vyake. Akamvika. Kofia ikakaa sawasawa, haikubana wala haikupwaya, na kila mtu pale barazani akajua kuwa kichwa kile kilipimwa kwa viganja.

Hakuna aliyecheka tena.

"Ivue, Vuai," Makungu alisema kwa sauti ya chini. "Ivue, tuseme ulikuwa mzaha."

Mkono wa Vuai ukapanda polepole mpaka kwenye ukingo wa kofia, ukatulia hapo. Shekuwe akarudi kukaa, akachomeka sindano kwenye kola ya shati lake, akaagiza kahawa, vikombe viwili.