Vumbi la Pareto

Siku ya tatu, fukusi walikuwa bado wanatembea.

Anania aliinua chupa akaielekeza dirishani. Walipanda juu ya punje za mahindi, wakashuka, wakapanda tena, kana kwamba unga wa kijivu uliowafunika ulikuwa vumbi la barabarani tu. Katika chupa ya pili, ambayo haikutiwa dawa, walitembea vilevile. Ungezibadilisha chupa hizo, hakuna ambaye angejua.

"Tusubiri mpaka kesho," alisema.

"Mzee Anania, umesema hivyo jana na juzi." Methodi, bwana shamba kutoka mkoani, alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyewashawishi wafadhili walifufue ghala la zamani la ushirika liwe kiwanda kidogo cha dawa hii, watu arobaini wa kijiji cha Yakobi wapate kazi. "Mwaka jana nilijionea mwenyewe. Siku ya pili walikuwa wamekufa wote. Umebadilisha nini?"

"Sijabadilisha kitu."

Ilikuwa kweli. Kwa miaka kumi na saba Anania alikuwa mtunza ghala la pareto, yale maua ya kutengenezea dawa ya wadudu, hadi ushirika ulipokufa. Wakaja wanunuzi binafsi, wakanunua misimu miwili, nao wakatoweka. Wakulima waling'oa pareto wakapanda viazi. Ghalani kukabaki lundo la maua yaliyovunjika, mazao yaliyokataliwa, pamoja na vumbi la kufagia sakafu. Kila mtu aliliona takataka. Anania aliamini kwamba ndani ya takataka zile bado kuna kile kitu kinachoua wadudu, na kwamba kinaweza kutolewa.

Aliliroweka vumbi kwenye spiriti siku nne, akachuja, akaacha ikauke taratibu kivulini mpaka ikabaki nta ya njano yenye harufu kali. Nta hiyo ilichanganywa na majivu yaliyochekechwa, ikawa dawa ya kuhifadhia mahindi. Miezi mitano ya mwanzo dawa iligoma. Alikuwa amekwishakata tamaa, ndipo siku moja ikakubali, na tangu hapo haikumwangusha tena. Miaka mitatu sasa, nyumba nyingi za Yakobi zilikuwa zikiweka mahindi yao kwa dawa ya Mzee Anania.

Mpaka msimu huu. Msimu huu Esnath hakuwapo.

Mkewe alifariki mwezi Machi katika hospitali ya Ikonda, baada ya kuugua kifua wiki tano. Yeye ndiye aliyekuwa akichanganya nta na majivu. "Kuchekecha ni kazi ya jikoni, baba. Wewe kapumzike," alikuwa akimwambia, kisha anafunga mlango ili upepo usipeperushe unga.

Sasa Anania alichekecha mwenyewe. Alitumia chekecheke lilelile, beseni lilelile, majivu yaleyale ya miti ya miwati. Alipima kila kitu mara mbili. Alirudia kazi yote tangu mwanzo mara nne. Ilifika mahali akaanza kudhani mikono ya mtu mwenye msiba ina kasoro isiyoonekana.

Na msiba wake ulikuwa na majuto. Esnath hakujua biashara. Kila mwezi alishuka mjini Makambako na magunia ya viazi, akarudi mikono mitupu, akisema bei imeanguka. Anania alimsema sana kwa hilo. Mara ya mwisho alimwita mzembe mbele ya watoto, naye Esnath akainamisha kichwa akaendelea kuosha vyombo.

"Nitaandika nilichokiona," Methodi alisema siku ya tano, akifunga begi lake. "Sina namna nyingine, mzee wangu."

"Andika."

"Fedha za ghala watazipeleka kwingine. Watauliza pia kuhusu mwaka jana. Watasema niliwadanganya."

Anania alimsindikiza hadi barabarani, wakaagana bila kutazamana.

Jumapili, baada ya ibada, jirani yake Ebeneza alimfuata nje ya kanisa. Alifumbua kiganja. Kulikuwa na punje sita za mahindi, zote zimetobolewa, na unga mweupe kwenye mistari ya mkono.

"Ni gunia la kwanza tu nimefungua, kati ya yale yenye dawa yako ya msimu huu," Ebeneza alisema kwa upole. "Sijakuja kukulaumu. Nimeona ujue."

Ingekuwa afadhali angelaumu. Usiku ule Anania alitazama dari mpaka kukapambazuka. Asubuhi alidandia lori la mbao kwenda Makambako, akafanya jambo aliloapa hatalifanya maishani: aliingia duka la pembejeo kununua dawa ya kiwandani, ili aokoe kilichobaki kwenye maghala ya majirani.

Mwenye duka, mwanamke wa makamo aliyejitanda kanga, alikuwa anapanga makopo. Wauzaji wa jirani walimwita Hamisa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nataka dawa ya fukusi." Aliisema kama mtu anayekiri wizi. "Ya magunia mengi. Sijui mnapimaje, sijawahi kuitumia."

"Nitakuelekeza, usijali. Mahindi yako wapi?"

"Yakobi, kule Njombe."

Uso wa Hamisa ulichangamka. Aliinama chini ya meza, akatoa mfuko mweupe uliofungwa kwa kamba, akauweka mbele yake.

"Basi umeniokoa, baba. Huu ni mzigo wa mteja wangu wa hukohuko, mama mmoja mpole anaitwa Esnath, tangu Februari simwoni. Mwambie nimemtunzia. Miaka mitatu kila mwezi, akishauza viazi vyake, anapita hapa kuchukua dawa hiihii, na kila mara ananiomba niitoe kwenye paketi zake, niimimine kwenye mfuko usio na maandishi."