Jumatatu Aliyopotea Ines

Jumatatu, tarehe 11 Januari 1988, saa tisa alasiri, Learco Bonfigli alimpoteza mkewe.

Alikuwa amenyoa ndevu, amevaa suti ya kijivu, na amechemsha kahawa ya watu wawili, kama alivyofanya kila Ines alipotarajiwa. Saa ikafika. Ines hakuja. Walimleta mwanamke mwingine, tena bila hata kuomba radhi.

Bi Assunta, jirani wa ukuta mmoja, alichungulia kutoka roshani yake akianika shuka.

"We Learco! Leo mkeo kanuna? Sijasikia kile kicheko chake."

"Hakuja. Wameniletea mwingine."

"Mwingine? Mzuri?"

"Sauti kama kopo linaloburutwa."

"Ah, baba, mwanamume wa umri wako akiletewa mwingine hushukuru, anyamaze."

Learco alizimwaga kahawa zote mbili.

Maisha yake yote alikuwa mwigizaji, na maisha yake yote wakubwa walikuwa wakimnyang'anya kidogo kidogo. Jukwaani alianzia kwao Puglia, kwenye kundi lililozunguka miji midogo na lori bovu. Huko alikuwa na sauti ya kutetemesha viti vya nyuma. Alipigiwa makofi miaka mingi, lakini makofi ya jukwaani hayana mtu anayeyahifadhi. Taa zikizimwa na yenyewe yamekwisha.

Alipohamia Roma kwenye sinema, walichukua uso tu. Alicheza mapadri, masajini, na waume wanaosalitiwa na wake zao. Lafudhi yake ya Puglia waliitupa, wakamtilia sauti ya mtu wa Torino. Ndiyo desturi ya sinema za Italia: uso wa huyu, koo la yule. Hakuna aliyemuuliza.

Kitu kimoja tu walimpa bila kukusudia. Katika chumba chenye giza walimokuwa wakibandika hizo sauti, alimkuta Ines, msichana mfupi mwenye miwani, akiwatilia sauti ya Kiitaliano warembo wa sinema za Marekani.

"Wewe uso bila sauti, mimi sauti bila uso," Ines alimwambia. "Tukioana, angalau atapatikana mtu mmoja mzima."

Wakaoana. Watoto hawakujaliwa. Walikuwa wao wawili tu, na kile kicheko.

Asubuhi ya Jumanne, Learco alipanda tramu kwenda kwa wakubwa. Mlangoni mlinzi alimkazia macho.

"Wewe si yule padri aliyetumbukia kisimani?"

"Ndiye mimi. Nataka kumwona mkubwa wako."

"Aa, siyo wewe. Yule ana sauti nzito."

Hata hivyo alimpitisha, huku akijichekea.

Mkubwa mwenyewe aliitwa Daktari Nardecchia. Daktari wa nini, hakuna aliyejua. Roma kila mwenye meza ni daktari. Alikuwa na tai ya zambarau, rangi ambayo mwigizaji wa Italia haivai hata kwenye soksi, kwa kuogopa nuksi. Learco aliiona ile tai, akagusa chuma cha kiti kujikinga kabla hajakaa.

"Namtaka Ines," alisema.

"Mzee wangu, tumeshapata malalamiko mengi. Alikuwa anakwaruza. Maneno mengine hayashikiki kabisa."

"Nani kalalamika? Mimi sijalalamika."

"Watu. Sasa tumeweka msichana mpya, anaeleweka vizuri. Utamzoea."

"Nimzoee? Wewe wa kwako utambadilisha lini, unijulishe nije nikuangalie ukimzoea?"

Daktari alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, jinsi wanavyofundishwa.

Learco akashusha sauti. Alikuwa amecheza waombaji wengi. Safari hii hakuwa anacheza. "Nirudishieni Jumatatu moja tu. Moja. Nikae naye, nimsikilize, basi. Sitarudi tena hapa kuwasumbua."

"Haiwezekani. Tulihitaji nafasi." Daktari akageukia mlango uliokuwa wazi. "Filomena! Yule mama wa zamani alipelekwa wapi?"

"Nani, Ines?" karani alijibu kutoka chumba cha pili, bila kuacha kupiga chapa. "Sijui, Daktari. Labda ghalani. Labda walimchoma na wale wengine kabla ya Krismasi. Hawakuniambia."

"Umesikia mwenyewe," Daktari alisema, akasimama kumpa mkono.

Learco hakuupokea. Alishuka ngazi akishikilia ukuta. Mlinzi alimpungia, "Kwaheri, padri!"

Wiki nzima Bi Assunta hakusikia kitu upande wa pili wa ukuta. Aligonga, akaacha sahani ya maharage mlangoni, akaikuta palepale imeota ngozi juu.

Jumatatu iliyofuata, saa nane, Learco alinyoa ndevu na kuvaa suti ya kijivu. Kahawa hakuchemsha. Alipanda tramu mpaka makaburini Verano, akapita katikati ya misonobari, akasimama mbele ya jiwe ambalo chini yake Ines alikuwa amelala tangu mwaka 1974. Saa tisa ilipogonga, katika nyumba zote za Italia mrembo wa Marekani alifungua kinywa kwenye televisheni na ikatoka ile sauti ya kopo, na Learco akainama, akamuuliza mkewe swali ambalo jengo zima la wakubwa halijalijibu hadi leo: "Ines, sauti yako wameitupa wapi?"