Kioo Kipandishwe

Kioo kilipopandishwa mara ya pili, Yasmini aliona paji la uso wake tu.

"Hapo hapo," alisema mumewe, Maulidi, akiwa amesimama mlangoni na simu mkononi.

"Hapo nani atajiona, Baba Zuhura? Au niwe napanda stuli kila nikitaka kujifunga mtandio?"

"Ndiyo mtindo wa sasa," alijibu, akapiga picha.

Maulidi mwenyewe hakumzidi mkewe kimo hata kidole. Fundi Pastory aliwatazama wote wawili, akapima kwa macho, akagongelea msumari. Ya wenyewe hayakumhusu.

Kioo chenyewe kilikuwa kizuri, tusidanganyane. Fremu yake Yasmini aliibuni kwa mbao za mtumbwi mkongwe alizozikuta ufukweni Katonga zikisubiri kuwa kuni. Rangi ya buluu ilikuwa imebaki ndani ya nyufa, naye akakataa katakata isipigwe msasa. Ndivyo alivyokuwa: alichokitupa mwenzake, yeye alikitazama mara mbili. Tangu wavuvi wahamie kwenye taa za sola, karabai zao za mafuta zilikuwa zikila kutu nyuma ya nyumba za watu. Alizikusanya, akazisugua kwa majivu na ndimu mpaka zikang'aa, akazitundika juu ya meza ya chakula. Magunia ya kahawa kutoka Kalinzi akayashona foronya za mito. Ukuta wa sebule akaupamba kwa vikapu vya Anésie, mama wa Kirundi aliyekuwa jirani yao kule Buzebazeba walikopanga.

Hakuwa akijisumbua kwa anasa. Alikuwa anampoteza mume. Katika vyumba vyao viwili vya kupanga, Maulidi siku hizi alikuja kubadili nguo tu. Mara kalala bandarini Kibirizi akilinda madumu yake ya mawese ya biashara, mara gari limemharibikia njiani. Zuhura na mdogo wake walikwishaacha kuuliza kama baba abakiziwe chakula. Kwa hiyo Maulidi alipomwambia kwamba amejenga nyumba Mwandiga, na kwamba hamjui mtu mwenye jicho la kupamba nyumba kama yeye, Yasmini alilia. Aliona Mungu kampa nafasi ya mwisho. Nyumba ikipendeza, alijiambia, mtu atairudia kabla ya magharibi.

Ajabu ni kwamba Maulidi naye aliingiwa na sanaa. Mwanamume ambaye miaka yote hakujua kama dirishani mwake kuna pazia au gunia, leo anapiga picha kila kitu, na kesho yake anakuja na maoni. Taa zisogee karibu na dirisha. Vikapu visirundikane upande mmoja. Ukuta mweupe hapana, utafanana na duka la dawa. Na maoni yenyewe, ukiyafuata, unakuta ni ya kweli. Yasmini alifurahi mpaka akajionea haya.

"Siku hizi anaona," alimwambia Anésie siku alipokwenda kuchukua kikapu cha mwisho. "Tunapamba pamoja."

"Yoo," alisema Anésie, macho yake yakiwa kwenye ususi. "Na vitanda vya watoto mmevipanga wapi?"

"Anasema chumba chao kitamaliziwa baadaye. Na vyombo vya zamani nisihamishe hata kijiko, mpaka aniambie."

Anésie alimalizia duru moja ya ususi.

"Nyumba njema si mlango, Mama Zuhura," alisema hatimaye. Akampa kikapu chake, akamwongezea na kingine kidogo.

"Na hiki cha nini?"

"Chukua tu."

Yasmini alikichukua, akaondoka amekasirika kidogo. Alidhani ni kijicho. Watu hawapendi kukuona unatoka kwenye nyumba ya kupanga.

Ijumaa nyumba ilikuwa ifunguliwe kwa dua. Maulidi alimtaka awahi kuja kupika pilau ya wageni, naye akawahi, dera lake jipya likiwa ndani ya mfuko lisije likanuka moshi. Watoto aliwaacha kwa Anésie, maana baba yao alisema watachafua. Alipika, akafagia, akanyoosha mito ya magunia. Mwisho alikifuta kioo, akasimama kwa ncha za vidole ajitazame. Aliona paji la uso na jasho. Akacheka peke yake. Atazoea.

Gari lilisimama nje kabla hajabadili nguo. Akashuka Maulidi na kanzu nyeupe, wakashuka dada zake, na nyuma yao mwanamke ambaye Yasmini hakumfahamu. Mwanamke huyo alipofika mlangoni aliinamisha kichwa kidogo ndipo akapita. Hina ilikuwa bado mbichi mikononi mwake.

"Karibuni," alisema Yasmini, mwiko wa pilau mkononi. Alimtazama Maulidi, lakini Maulidi alikuwa akizitazama karabai.

"Shikamoo, dada," mgeni alisema kwa upole.

Kisha alikwenda moja kwa moja kwenye kioo, kama mtu anayejua kilipo, akasimama mbele yake kuweka sawa ushungi. Hakuinua kisigino wala hakuinama. Uso wake wote ulienea ndani ya fremu ya buluu.