Saa ya Adhuhuri

Zamani wanyama walipokuwa wakiajiriana, Ngamia alizungusha kinu cha ufuta kwa Fisi, pamoja na punda wanne. Wote walifungwa vitambaa machoni, ndiyo desturi ya kinu.

Siku moja Ngamia akawaambia wenzake, "Jamani, kesho jua likifika utosini tusimame sote, tudai saa moja ya kupumzika."

Fisi akapata habari. "Huyo ni siafu," akawaambia punda. "Siafu huanza hivyo hivyo, mwisho wanakula watoto wenu."

"Mbona sauti ni ya Ngamia, bwana?"

"Ndivyo wanavyojifanya."

Punda hawakuona kitu, wakaamini. Adhuhuri ilipofika Ngamia akasimama peke yake, akafukuzwa.

Akawaendea siafu, akaomba hifadhi. "Dada, kwa nyayo hizo utatuponda," wakamjibu, wakapita zao.

Kesho yake adhuhuri, akiwa nje ya ua, akasikia kinu kimenyamaza. Fisi amewapa punda saa moja, wasije wakageuka siafu, nao wanamshukuru kweli kweli.

Ngamia akasimama palepale juani, akapumzika nao saa nzima. Kinu kilipoanza kulia tena, akaondoka.