Flashi ya Harusi

Mwaka mmoja tangu afukuzwe kazi kwa kosa la kuingiza virusi kwenye kompyuta za kiwanda cha magodoro, Tausi aliitwa tena, safari hii awachagulie programu ya kuvizuia. Akaja na barua yake ya kufukuzwa mkobani.

"Si zote zinaua virusi, mwanangu? Chukua yoyote," alisema Bwana Mbaruku, mwenye kiwanda, akimsogezea soda.

"Zote zinaua, mzee. Hii inamtaja na aliyevileta."

Akaiweka kwenye kompyuta zote, akachagua onyo lionekane kwa kila mtu. Kisha akaomba wafanyakazi wakae mezani, walewale waliomtazama akitoka na boksi la vitu vyake siku alipofukuzwa, Bi Chausiku akiwa mmoja wao.

"Tuijaribu. Una flashi, mzee?"

Alikuwa nayo kwenye funguo zake, ileile aliyoizungusha mwaka jana kompyuta hadi kompyuta ili watu waone video ya harusi ya bintiye. Akaichomeka kwenye kompyuta yake huku anatabasamu.

Skrini zote zikageuka nyekundu. Likatokea jina la kirusi, na chini yake: *Flashi: HARUSI YA ZUHURA. Kompyuta: MKURUGENZI.*

Tausi akaitandaza barua mezani. Jina la kirusi lililoandikwa humo lilikuwa lilelile.

Bwana Mbaruku akanyoosha mkono aichomoe flashi. Tausi akauzuia, taratibu, kama anavyozuiwa mgeni asiondoke kabla ya chakula.

"Iache kwanza, mzee. Bi Chausiku bado anatafuta miwani."