Alama Mbili za Kumshika Mkono

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, na mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Katika chumba kimoja cha jengo la utawala la hospitali, wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wamekaa kwenye viti vilivyopangwa ukutani, wakimsubiri mwigizaji.

Chuo kilikuwa kimeazima chumba hicho kwa mtihani wa vitendo wa utawala wa huduma za afya. Ili mambo yafanane na kazini, mhadhiri aliweka meza, viti viwili na jagi la maji, na nje ya mlango akabandika karatasi yenye herufi kubwa: MALALAMIKO. Kila siku alitahiniwa mwanafunzi mmoja, wengine wakitazama. Kila mmoja aliletewa mwigizaji wake wa kukodi, sura ngeni, aliyetafutwa kwa simu.

Leo ilikuwa zamu ya mwisho, ya binti ambaye darasa zima lilimwita Meneja, kwa kuwa alikuwa akipiga pasi hata leso. Hakuwa na hamu ya utani. Hospitali ilikuwa imeahidi nafasi moja ya afisa utawala kwa atakayeongoza katika mtihani huu, na mama yake alikwisha kuwatangazia majirani kwamba nafasi hiyo ni ya binti yake.

"Usitetemeke, Meneja," alinong'ona Kasuku, mchekeshaji wa darasa. "Akikushinda, mfukuze kazi."

Kicheko kilikuwa hakijaisha mlango ulipofunguliwa. Aliingia mwanamke aliyelowa mabega, amekumbatia mfuko wa plastiki. Aliwatazama wale waliokaa ukutani, akasita.

"Hawa wote wapo mbele yangu?"

"Hao wasikutie shaka, mama," alisema mhadhiri kwa furaha. "Karibu. Kaa pale."

Amejilowesha makusudi, Meneja aliwaza. Huyu anaijua kazi yake.

"Karibu, mama. Pole na mvua. Nikusaidie nini?"

Kisa walichoandaliwa kilikuwa cha foleni ya dirisha la dawa. Mwanamke hakutaja dawa. Alitoa mfukoni sweta ya shule ya mtoto, akaitandaza mezani.

"Nimekuja kuuliza kuhusu ufunguo, dada."

"Ufunguo gani, mama?"

"Wa stoo ya oksijeni. Mtungi ulikuwepo. Niliuona kwa macho yangu, dirishani. Nesi naye aliuona. Ila mwenye ufunguo alikuwa ametoka, na simu hapokei. Mwanangu akaniuliza, 'Mama, anakuja?' Nikamwambia, vumilia baba, yuko njiani." Aliinyoosha sweta mezani. "Nilimdanganya. Sikujua yuko wapi. Tumemzika Jumapili. Alikuwa wapi huyo mtu, dada?"

Meneja alimtupia jicho mhadhiri. Mhadhiri aliinua nyusi, kisha akatikisa kichwa kumwashiria aendelee. Basi akaelewa: wameamua kuuongezea mtihani makali.

"Mbona halii?" Kasuku alimnong'oneza jirani yake. "Watamkata malipo."

Meneja alijikumbusha aliyofundishwa. Kumsikiliza mlalamikaji bila kumkatiza. Kumshika mkono, hilo lilikuwa na alama mbili. Akanyoosha mkono juu ya meza. Vidole vya mwanamke vilikuwa baridi, na vilimng'ang'ania kwa nguvu ambayo hakuitarajia. Nusura aseme: tusamehe, mama, tumekosa. Lakini hapo ndipo walipoanguka wenzake wawili. Afisa utawala hakiri kosa la hospitali kabla ya uchunguzi.

"Naelewa uchungu wako, mama," alisema kwa sauti tulivu. "Suala lako ni zito, na litachunguzwa kwa kufuata taratibu."

"Sitaki mtu afukuzwe. Nataka kujua tu. Nikifumba macho namwona anaangalia mlango."

"Litachunguzwa, mama. Njoo Jumatatu, utapata majibu."

"Jumatatu." Mwanamke alilitamka neno hilo taratibu, kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha kuvunjika. "Nitakukuta wewe?"

"Utanikuta mimi."

Mhadhiri aligonga kengele. Darasa zima likapiga makofi. Kasuku akapiga na mluzi. Mwanamke aligeuka, akawatazama mmoja mmoja.

"Umetuweza, mama!" mhadhiri alisema. "Pita kwa mhasibu, malipo yako yapo tayari."

"Sikuja kutaka pesa, baba."

Wakaangua kicheko. Hata sasa alikuwa hajatoka kwenye igizo! Mwanamke aliikunja sweta, akairudisha mfukoni, akamwinamia Meneja.

"Ahsante, dada. Wewe ndiye wa kwanza kunisikiliza."

Akatoka, akaufunga mlango polepole.

Mhadhiri aliandika alama tisini na sita, na chini yake akaongeza kwamba mtahiniwa hakukiri kosa hata mara moja. Kasuku na wenzake walimbeba Meneja juu juu, wakamzungusha meza mara mbili. Meneja, aliposhushwa, alimpigia mama yake simu, akamwambia awaambie majirani. Mwanamke alivuka uwanja bila kuikimbia mvua, akamuuliza mlinzi wa getini Jumatatu ofisi hufunguliwa saa ngapi. Na mwigizaji aliteremka kwenye teksi hapo hapo getini, akampisha apite, akapanda ngazi akihema, akachungulia chumbani.

"Samahanini jamani, gari limetuharibikia njiani. Nianze kulia hapa hapa mlangoni, au nikishakaa?"